Saba Ni Tasa

Siku ya kwanza Kokotoa alipofika kwenye chumba cha kazi cha Bi Nukta, mwenyewe hakuinua hata macho. Alikuwa ameinamia kurasa za kitabu cha sayansi, kalamu nyekundu mkononi, akiondoa koma zilizojipachika mahali pasipo pao.

"Nimeambiwa humu ndani kuna pembe kali," ilisema sauti ya mwanamume.

"Na mlangoni kuna pembe butu," akajibu. "Ingia, ufunge. Upepo utanipeperushia kurasa."

Mtu yule akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akirusha mpira ukutani, na leo kuna aliyeudaka. Hapo ndipo Bi Nukta alipoinua macho. Angejua yatakayomfika, pengine asingeyainua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi upande wa mbele tu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kampuni hii ya vitabu vya shule kumwajiri aandike vitabu vya somo hilo, na jina la Kokotoa alipewa na wanafunzi wake. Bi Nukta alikuwa mhariri wa lugha. Jina lake alipewa na wapiga chapa wa ghorofa ya chini, waliosema kwamba mama yule akikuta sentensi haina nukta huumwa kichwa mpaka jioni.

Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba.

"Sisi ni mistari sambamba," Kokotoa alimwambia juma lile la kwanza.

"Mistari sambamba haikutani."

"Ndiyo maana nimepitia mlangoni."

Basi wakazoeana hivyo. Kila asubuhi, kabla kazi haijakolea, Bi Nukta alimtupia neno moja kutoka kwenye kamusi, neno ambalo watu wamelisahau, na Kokotoa alipaswa kukisia maana yake. Akikosa, anachemsha chai. Alichemsha chai karibu kila siku, na hakuonekana kusikitika.

"Ukoga," Bi Nukta alisema asubuhi moja.

"Ukoga." Kokotoa akajikuna kidevu. "Huo ni ule uoga wa kuoga kukiwa na baridi."

"Ni utando wa manjano kwenye meno yasiyopigwa mswaki."

"Basi sikukosea sana. Mtu ni yuleyule."

Bi Nukta alicheka hadi akaweka kalamu chini. Alikuwa amesahau kwamba tumbo linaweza kuuma kwa kucheka.

Siku nyingine alimpa neno kichelema, yaani muhogo uliochemshwa ukabaki na majimaji, hauliki wala hautupiki. Mchana huo mkurugenzi akawahutubia wafanyakazi kwa saa nzima kuhusu bidii. Katikati ya hotuba Kokotoa akageuza shingo taratibu, akamtazama Bi Nukta kutoka upande wa pili wa ukumbi, na midomo yake, bila sauti, ikasema: ki-che-le-ma. Bi Nukta ilimbidi ajifanye amepaliwa, akatoka nje.

Naye Kokotoa alilipiza kwa hesabu zake. Kurasa alizompelekea zilikuwa na vijineno vya penseli pembeni. "Kwa nini sehemu haijivuni? Kwa sababu hata kiasi kikiwa kikubwa namna gani, chini yake kuna asili." Bi Nukta akaviacha vijineno hivyo, akashika sentensi zenyewe. Aliandika: "Mwalimu, umesema mkulima aligawa ng'ombe kumi kwa wanawe watatu, akabaki mmoja. Nani kabaki, ng'ombe au mwana?" Kurasa zikarudi na jibu: "Aliyebaki anaitwa baki. Ukoo wake hatuuulizi."

"Unazidisha sasa," Bi Nukta alimwambia jioni hiyo, wakishuka ngazi.

"Nimeajiriwa kuzidisha. Kutoa ndiko kunakonishinda. Jana mkutano mzima nilijaribu kuyatoa macho yangu kwako, hayakutoka."

Alisema kwa utani, kama anavyosema kila kitu. Lakini hakucheka baada ya kusema, na Bi Nukta alishuka ngazi zilizobaki akiwa ameshika ukuta.

Siku chache baadaye mvua iliwanasa kazini. Wenzao walishaondoka. Walisimama dirishani wakitazama maji yakifurika kwenye mfereji, mabega yao karibu kugusana.

"Nipe neno," alisema Kokotoa.

Bi Nukta akafikiri. "Jitimai."

"Jitimai. Hilo ni jitu lililoshindwa kutimia."

"Ni huzuni kubwa. Ile isiyo na machozi."

Kokotoa akamgeukia. "Umewahi kuwa nayo?"

"Mvua imepungua," alisema Bi Nukta, akachukua mkoba wake.

Njiani alijiambia kwamba kesho atamweleza, au keshokutwa. Mtu hawezi kuingia chumbani kwa mwanamume asubuhi na kumwambia neno la leo ni hili, na maana yake ni mimi.

Ila neno lenyewe lilimtangulia. Juma lililofuata kurasa za sura ya nne zilimfikia mezani, na sura ya nne ilihusu namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Bi Nukta alisahihisha polepole, kwa sababu neno hilo alilijua kwa pande zake zote mbili. Alipofika ukurasa wa arobaini, akakuta penseli ya Kokotoa pembeni:

"Kwa nini Nane alimwacha Saba akamwoa Sita? Kwa sababu Saba ni tasa."

Upande wa pili wa ukuta hapakuwa na sauti ya kiti wala ya karatasi. Alijua yule mtu amekaa kimya kama kawaida yake, anangoja kusikia kicheko.

Dakika zikapita. Ukuta ukagongwa kwa kidole.

"Umefika ukurasa wa arobaini?"

"Nimefika."

"Na?"

"Hauna kosa la lugha," alisema Bi Nukta.

Alimaliza sura nzima, akaipanga, akaipeleka kwa mhariri mkuu badala ya kuipitisha kwa jirani. Akaomba ahamishiwe kwenye vitabu vya historia, ambavyo chumba cha kuvihariria kilikuwa ghorofa ya chini, karibu na mitambo. Mhariri mkuu akamuuliza kama kuna tatizo. Akasema macho yake yamechoshwa na tarakimu.

Kokotoa alimfuata huko chini mara mbili. Mara ya kwanza alileta chai. "Asante, iweke hapo," aliambiwa. Mara ya pili alileta neno, eti leo zamu yake. "Nina kazi nyingi, Mwalimu." Alipoitwa Mwalimu, alisimama pale kidogo kama mtu aliyekuta kufuli limebadilishwa, akaondoka. Hakurudi tena.

Ndipo Bi Nukta alipojua kwamba kumfukuza mtu chumbani ni kazi ndogo. Asubuhi alifungua kamusi kwa mazoea, akakutana na neno la kuchekesha, akageuka upande wa kushoto alisemee ukutani. Huko kushoto kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha marobota ya karatasi. Maneno yakamjaa, hana wa kumpa. Wakati wa mapumziko aliisikia sauti ya Kokotoa juu, kwenye ngazi, akimjibu mtu "ndiyo" au "hapana" bila kuongeza kitu, na moyo wake ulichomwa kuliko kama angemsikia akicheka na mwanamke mwingine. Alitamani apande. Alitamani hata arudishiwe yale makosa yake ya sentensi. Mchana aliwaza atamwambia nini. Usiku alishukuru kwamba hakumwambia.

Jumapili moja alasiri alikuwa uani anaanika nguo. Nyumba ilikuwa ya dada yake, fundi wa kushona sare za shule, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki na aliyempokea tena alipoachwa, akiwa na sanduku moja na uso usiosema kitu. Cherehani ilikuwa inalia sebuleni.

"Hodi!"

"Karibu," dada akajibu bila kuisimamisha. "Kama ni sare, ziko tayari wiki ijayo."

"Hapana, shemeji. Sikuja kwa sare."

Cherehani ikanyamaza. "Shemeji wa nani?"

"Samahani. Ulimi umeteleza."

"Basi ushike. Wewe ndiye yule wa hesabu?"

"Ndiye mimi."

"Unayecheka kila kitu?"

"Siku hizi sicheki, dada."

Bi Nukta alisimama na shuka mkononi, maji yakimtiririkia miguuni. Angeweza kuzunguka nyuma ya nyumba akapotelea kwa jirani mpaka mgeni aondoke. Badala yake akajikuta mlangoni, mikono imelowa, hajajifunga hata kitambaa kichwani.

Walitazamana. Kokotoa alikuwa amekonda, na shati lake leo limepigwa pasi pande zote, jambo ambalo lilimtia Bi Nukta huruma asiyoweza kuieleza.

"Kaeni muongee," dada alisema. "Mimi nashona. Sina masikio."

Cherehani ikaanza tena, ila polepole sana.

"Kama nimekukosea, niambie," alianza Kokotoa. "Nimerudia kila kitu tangu mwanzo, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu ndefu. Kila nikirudia napata jibu lilelile. Sijui."

"Ukurasa wa arobaini."

Akakunja uso, akakumbuka. "Ule utani wa namba tasa? Niliuandika kwa penseli. Haukuwa wa kitabuni, ulikuwa wako wewe. Nilitaka ucheke tu."

"Najua."

"Basi haukuchekesha? Ningeufuta!"

"Saba ni mimi," alisema Bi Nukta.

Cherehani ikasimama kabisa.

"Niliolewa," aliendelea, akiitazama mikono yake. "Nikaachwa. Huyo bwana sasa ana watoto watatu, na mimi ndiye huyu. Neno ulilolichezea ndilo nililotolewa nalo nyumbani kwa watu, mchana kweupe, majirani wamesimama kwenye milango yao. Wewe hukujua, sikulaumu. Lakini nilipolikuta kwa mwandiko wako, mwandiko ambao nilikuwa naungoja kila asubuhi kama..."

Kokotoa alikaa chini bila kuambiwa. Uso wake ulikuwa umepauka. Akafumbua kinywa.

"Mbili..."

"Usithubutu," Bi Nukta akamkata. "Najua unataka kusema nini. Kwamba mbili ni tasa na bado ni shufwa, ina mwenzi wake. Nimeihariri sura hiyo mwenyewe. Ukinifanyia hesabu leo, nitakuonyesha mlango."

"Ni kweli nilitaka kusema hivyo."

"Usiseme."

"Sisemi." Akaweka viganja magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ilionekana wazi kwamba anatafuta maneno mahali ambapo hajazoea kuyatafuta. "Nilitaka watoto," alisema hatimaye. "Siwezi kukudanganya. Nimekuwa nikiwawaza kwa muda mrefu, hata nimeshawatungia vitendawili."

"Basi umejijibu. Asante kwa kusema kweli." Bi Nukta akainuka kwenda kufungua mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

"Sijamaliza sentensi. Wewe umeweka nukta mapema."

Dada alikohoa pale kwenye cherehani. Bi Nukta akasimama alipokuwa.

"Nilitaka watoto, na nilikutaka wewe," alisema Kokotoa. "Hao watoto sijawahi kuwa nao, kwa hiyo sijui wanauma namna gani wakikosekana. Wewe nilikuwa nawe asubuhi zote. Tangu uhame, naingia chumbani kwangu, naketi, naandika swali la mkulima na ng'ombe, natazama ukuta. Hakuna wa kuniuliza nani kabaki. Sijui kulisema hili vizuri. Nimebaki mimi. Ndivyo ilivyo."

Nje, nguo zilikuwa zinadondosha maji kwenye ndoo.

"Na mama yako?" dada aliuliza. "Kwenu mko wangapi?"

"Mimi peke yangu."

"Ehee," alisema dada, na neno hilo moja lilikuwa na mashtaka na hukumu ndani yake. "Mtoto wa pekee. Wewe unaongea kama kijana kwenye wimbo, Mwalimu, lakini anayelala na kuamka akisikia maneno ya mama mkwe ni mdogo wangu. Nilimpokea mara moja akiwa amevunjika. Sitaki kumpokea mara ya pili."

"Dada ana haki," Bi Nukta alisema. "Nenda kamwambie mama yako. Mwambie kwa neno lenyewe, usilipambe, usilizungushe. Akikataa, huna haja ya kuja kunieleza. Nitaelewa."

"Na akikubali?"

Bi Nukta akajipangusa mikono kwenye gauni. Kokotoa aliinuka, akamuaga dada kwa heshima, akafika mlangoni, akageuka. Alimtazama Bi Nukta kuanzia nywele zisizofungwa mpaka miguu iliyolowa, taratibu, kama anayesoma ukurasa atakaonyang'anywa. Kisha akaenda.

Dada alichukua mkasi, akauweka tena.

"Hakutania hata mara moja," alisema.

"Ndiyo."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndiyo," alisema Bi Nukta, na hapo machozi yakamtoka. "Lakini dada, nimeukosa utani wake. Nimemkosa mpaka naumwa."

Jumatatu Kokotoa hakuonekana kazini. Jumanne ikawa hivyohivyo. Wapiga chapa walisema ameomba ruhusa ya kifamilia. Bi Nukta alisahihisha vita na wafalme, akaruka mistari, akarudia, akaruka tena. Kila hatua ya kiatu kwenye ngazi ilimsimamisha kalamu. Alijifunza kutofautisha viatu vya watu wote wa jengo lile, na vyake havikuwamo. Jioni dada hakumuuliza kitu. Alimwekea chakula na kuketi karibu naye, jambo lililokuwa baya zaidi ya kuulizwa, kwa sababu lilimaanisha kwamba hata yeye amekata tamaa.

Juma likaisha, lingine likaanza. Alikuwa ameshajizoeza kusema moyoni "nitaelewa", akilisema kila anapoamka, siku mwanamke mfupi wa makamo alipoingia chumbani kwake bila kubisha hodi, akavuta kiti, akakaa, mkoba mapajani.

"Wewe ndiye Bi Nukta?"

"Ndimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama yule akaziangalia kurasa zilizojaa wino mwekundu. "Unawafanyia watu wote hivi?"

"Wenye makosa tu, mama."

"Basi leo nitachunga ulimi." Hakutabasamu. Alikuwa na kidevu kilekile cha Kokotoa, na Bi Nukta alipokitambua, akazisukuma kurasa pembeni.

"Mwanangu alikuja akakaa mbele yangu akaniambia habari yako," mama alisema. "Akalitaja neno hilo lilivyo, hakulivalisha nguo. Nikamfukuza. Kesho yake akarudi akaniambia tena. Nikamwambia mabinti wako wengi. Akasema anajua. Nikalia. Akakaa tu. Mimi huyo mtoto nimemlea peke yangu, na tangu ajue kusema, nyumba yangu haijawahi kukaa bila kicheko. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyenichekesha, akiwa mdogo hivi. Safari hii nikamwambia, basi nitanie hata kidogo, nyumba imekuwa kama ya wagonjwa. Akaniambia, 'Mama, sina.'"

Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu.

"Sijaja kukubariki. Usije ukasema nilikuja na uso wa furaha. Wajukuu nilishaanza kuwachagulia majina, na hayo hayatoki kichwani kwa siku moja wala mbili. Nikikunyamazia siku fulani, ujue ni hilo."

"Nitajua, mama."

"Lakini ninaye mtoto mmoja, na vile alivyo sasa simtaki awe hivyo mpaka nife."

"Mimi siwezi kukuahidi chochote," alisema Bi Nukta.

"Sijakuomba ahadi. Nimekuomba?" Mama akainuka, akajinyoosha kiuno. "Jumapili mje kwangu, wewe na huyo dada yako ninayeambiwa ana mdomo. Tukae tuongee wanawake watatu. Mwanangu atachemsha chai."

Bi Nukta akasukuma kiti nyuma. "Yuko wapi?"

"Yuko hapo kwenye ngazi. Nimemkataza kuingia. Angeniharibia kwa maneno."

Bi Nukta alitoka akiwa bado ameshika kalamu. Kokotoa alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, viwiko magotini, akitazama sakafu. Aliposikia mlango akasimama haraka, karibu aanguke. Wakatazamana. Bi Nukta alikuwa amejaza kichwa maneno ya majuma yote yale, mazuri, ya ajabu, yale aliyomwekea; akayatafuta, asipate hata moja. Kokotoa naye midomo ilikuwa inacheza bila kutoa kitu.

"Haya, semeni basi," mama alisema nyuma yao. "Si nimeambiwa ninyi hamkosi neno?"

Bi Nukta akapanda ngazi moja, akanyoosha mkono wenye wino mwekundu, na Kokotoa akaushika kwa mikono yote miwili. Wapiga chapa walikuwa wanatoka kwenda kula. Walipowakuta wamesimama pale kimya, kila mmoja akajibana ukutani, wakapita pembeni mmoja baada ya mwingine.